Mwenye mfuko hayupo mezani

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kukuta hapa bei ya mchele, kakao na mawese, pamoja na habari za malori yaliyokwama mpakani Kasumulu. Wiki hii naomba radhi kuyaweka hayo kando na kuzungumzia ndege. Najua Ngonga hakuna uwanja wa ndege, na mkazi wa Kyela anayetaka kuruka hana budi apande gari kwanza, apite milima ya Tukuyu hadi Mbeya, ndipo aende Songwe. Hata hivyo jambo ninalotaka kulisema nililiona kwanza hapo hapo Ngonga, kando ya barabara, juu ya gunia la mchele.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 8 Novemba 2022. Redio siku hizo ilijaa msiba wa Bukoba, ambako ndege ya Precision Air ilikuwa imeanguka Ziwa Victoria Jumapili yake na kuua watu 19. Katikati ya habari hizo za majonzi, taarifa ya mgomo wa marubani wa Kenya Airways ilikuwa inapita chini chini, kama habari ya jirani. Nilikuwa nimekaa kwa mama mmoja muuza mchele, nikiandika bei kwenye daftari langu kama kawaida. Mchele ulikuwa umeadimika, na kila msimu unapofika Novemba madalali wa mjini huanza kuingia vijijini kutafuta magunia ya mwisho mwisho.

Akaja kijana mmoja dalali, nadhifu, simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Alitazama mchele, akauchota kiganjani, akaunusa, akataja bei. Mama akataja yake. Kijana akapanda kidogo, kisha akasogea pembeni kupiga simu. Akarudi na bei ile ile ya kwanza. Akapanda tena, akapiga simu tena, akarudi tena chini. Mara ya tatu mama akamkatiza.

"Hebu niambie mwanangu, unanunua wewe au umetumwa?"

"Nimetumwa, mama. Bosi yuko Uyole."

"Basi kamlete huyo bosi. Mimi sipatani bei na simu."

Kijana akaondoka kwa bodaboda. Mama akanigeukia, akaniuliza kuhusu ile habari ya redio: hao marubani wa Nairobi wanagombea nini, si tunaambiwa mishahara yao ni minono? Nikamweleza kadiri nilivyojua. Tangu siku ile nimesoma mengi zaidi juu ya mgomo huo, na kila ninapousoma ninamwona yule dalali na simu yake.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozifunga anga, Kenya Airways ilisimamisha michango yake katika mfuko wa akiba ya uzeeni wa marubani, na sehemu ya mishahara ikaahirishwa kulipwa. Anga zikafunguliwa, abiria wakarudi, lakini michango haikurudi. Chama cha marubani, KALPA, kikadai. Mazungumzo yakavutana, na mwezi Oktoba 2022 kikatoa notisi ya mgomo. Mahakama ikatoa amri ya kuusimamisha. Marubani wakagoma vivyo hivyo, alfajiri ya Jumamosi tarehe 5 Novemba. Kampuni ilikadiria kwamba kila siku ya mgomo ingepoteza Sh. milioni 300 za Kenya, na kwa muda mfupi zaidi ya abiria 10,000 wakaachwa viwanjani. Menejimenti ikajibu kwa kutangaza kwamba inajitoa katika mkataba wa hali bora na katika makubaliano ya kukitambua chama. Serikali ikauita mgomo huo hujuma ya uchumi. Kisha Mahakama ya Ajira na Mahusiano Kazini ikaamuru marubani warudi kazini bila masharti saa 12 asubuhi ya Jumatano tarehe 9, na mwajiri awapokee bila kuwaadhibu, huku mazungumzo yakiendelea. Wakarudi.

Siku nne, basi. Kwa makadirio ya kampuni yenyewe hiyo ni Sh. bilioni 1.2 za Kenya zilizoyeyuka, na suala la mfuko wa uzeeni likarudi mezani likiwa pale pale lilipokuwa.

Kabla ya kumlaumu yeyote, mtu wa biashara anapaswa kuuliza ugomvi huu ulikuwa wa aina gani. Mama wa Ngonga angetofautisha mara moja. Kuna ugomvi wa bei, yaani gunia lijalo tuuziane kiasi gani, na kuna ugomvi wa deni, yaani lile gunia ulilochukua mwezi uliopita mbona hujalipa. Ugomvi wa bei hauna mwenye haki. Kila mmoja anavuta kwake, na anayeweza kungoja zaidi ndiye hupata zaidi. Ugomvi wa deni una karatasi, na karatasi husomwa. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, imeuzingatia mgawanyo huo kwa makini: mgomo umeruhusiwa katika migogoro ya maslahi tu, wakati malalamiko ya kukiukwa kwa haki au mkataba hupelekwa kwa mwamuzi au mahakamani. Huwezi kugoma juu ya jambo ambalo mkataba wako umekwisha kulitolea jibu.

Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya madai ya marubani wa Nairobi ilikuwa deni. Mchango ulikuwepo kwenye mkataba, ukasimamishwa. Ilitakiwa kusomwa karatasi. Lakini kampuni ilikuwa inajibu lugha ya bei: hatuna uwezo, hali ya shirika ni mbaya, mkidai ninyi na wengine watadai. Chama nacho kikachanganya deni na bei na siasa ndani ya kapu moja kwa kutaka hata viongozi wa shirika waondoke. Kazi ya kwanza ya msuluhishi yeyote ingekuwa kulimwaga kapu hilo chini na kuchambua, hili deni, hili bei, hili hasira. Haikufanyika mapema, na baada ya notisi kutoka hakuna aliyekuwa na utulivu wa kuifanya.

Hapa kuna jambo la biashara ya ndege ambalo wasomaji wetu wa kando ya ziwa wanalielewa kuliko maofisa wengi wa mjini. Mkulima wa kakao asiporidhika na bei ya mnada anaweza kuikataa. Kakao inabaki ghalani, ina stakabadhi yake, mnada ujao upo. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani, aliyengoja kidogo alicheka. Kwa hiyo pale mezani mkulima na mnunuzi wote wana muda wa kuvutana. Kiti cha ndege hakina ghala. Kiti cha ndege ni usipa mbichi: mlango ukifungwa na ndege kuondoka, kiti kilichobaki kitupu kimeoza, huwezi kukiuza kesho. Na usipa angalau unaanikwa juani. Ndiyo maana mgomo wa ndege una nguvu kubwa kupita idadi ya wagomaji. Marubani wapatao 400 waliweza kulisimamisha shirika zima, pamoja na wahudumu, mafundi, wapika vyakula na wauza maua ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Na ndiyo maana pia mwajiri hukimbilia mahakamani saa hiyo hiyo, kwa sababu kila saa usipa unaharibika.

Silaha kali namna hiyo ikiwa mikononi mwa watu wachache, na hasara ikiwa inawaangukia watu wengi wasiokuwepo, usuluhishi unatakiwa uanze mapema sana na ufanywe na watu wenye uwezo wa kusema ndiyo. Mtu wa pili ndiye aliyekosekana Nairobi.

Tazama umiliki. Baada ya mabadiliko ya mwaka 2017, hisa za Kenya Airways zilikuwa hivi: Serikali ya Kenya asilimia 48.9, mabenki yaliyogeuza madeni yao kuwa hisa asilimia 38.1, KLM ya Uholanzi asilimia 7.8, na wafanyakazi wenyewe wakapewa kiasi cha asilimia 2.4. Mwaka huo wa mgomo, 2022, shirika lilipata hasara ya Sh. bilioni 38.3 za Kenya, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na madeni ya dola na kuanguka kwa shilingi, si mishahara ya mtu. Shirika lilikuwa linaishi kwa fedha za Hazina. Sasa jiulize, pale menejimenti ilipokaa na KALPA kuzungumzia michango ya uzeeni, ni nani hasa aliyekuwa na uwezo wa kusema "sawa, tutalipa"? Mkurugenzi mtendaji? Yeye kila senti kubwa alipaswa kuiombea. Alikuwa anatoka nje kupiga simu.

Simtetei mkurugenzi. Kutangaza kujitoa katika mkataba wa hali bora katikati ya mgomo ni sawa na kuchoma karatasi ya deni mbele ya anayekudai. Hakuna anayeamini karatasi yako nyingine baada ya hapo. Na siwatetei marubani waliopuuza amri ya mahakama. Mimi nilisomea biashara, na ualimu wa kwanza tuliopewa darasani juu ya mikataba ni kwamba anayevunja amri leo ndiye atakayeihitaji kesho. Na kesho hiyo ilifika baada ya siku tatu tu, kwani ni mahakama ile ile iliyowakinga wasiadhibiwe. Ninachosema ni kwamba pande zote mbili zilipigana kwa ukali kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake hana jibu. Ukimkabili mtu asiye na mfuko, kinachobaki ni kupiga kelele hadi mwenye mfuko asikie huko aliko.

Miaka miwili baadaye ulitokea mgomo mwingine Nairobi ulioonyesha upande wa pili wa jambo hili. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa viwanja vya ndege, chini ya chama chao cha KAWU, waligoma kupinga mpango wa kuukodisha uwanja wa Jomo Kenyatta kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30. Ndege zikakwama tangu usiku. Lakini siku hiyo hiyo makubaliano ya kurudi kazini yakatiwa saini. Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu waliokaa mezani walikuwa na mamlaka: waziri wa uchukuzi alikuwepo, na katibu mkuu wa COTU, Francis Atwoli, alikuwa katikati kama mpatanishi. Chama kikaahidiwa kuonyeshwa hati za mpango huo. Kwamba Rais William Ruto aliufuta mpango wote Novemba ya mwaka huo kwa sababu nyingine ni hadithi tofauti. Kwa hesabu zetu inatosha kwamba mwenye uamuzi alipokuja mezani, usipa haukuoza kwa siku ya pili.

Huenda msomaji akasema hayo ni ya Kenya. La, ni yetu vile vile, na kwa undani zaidi.

Shirika letu la kwanza la ndege lilikuwa la watu watatu. East African Airways ilikuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania, na mwanzoni mwa mwaka 1977 ilisimama kwa sababu washirika walikuwa wanadaiana na hakuna aliyekubali kulipa kabla ya mwenzake. Mameneja walikaa, kamati zikakaa, na wote walikuwa madalali wa marais watatu wasiozungumza. Kenya ikaanzisha Kenya Airways, Tanzania ikaanzisha ATC, mpaka ukafungwa, Jumuiya ikafa. Baada ya kufa ndipo akaletwa msuluhishi, Dk. Victor Umbricht wa Uswisi, na yeye ilimchukua hadi tarehe 14 Mei 1984 kupata saini za serikali tatu kule Arusha. Mali zikagawanywa kwa asilimia 42 kwa Kenya, 32 kwa Tanzania na 26 kwa Uganda.

Ninamheshimu mzee Umbricht. Alifanikiwa kwa sababu alizungumza na wenye mifuko wenyewe. Lakini alikuwa anagawa urithi. Na ndani ya mkataba ule kulikuwa na mstari uliosema kila nchi itawalipa pensheni na stahili raia wake waliofanya kazi katika Jumuiya. Wafanyakazi hawakuwa mezani pale Arusha. Kilichofuata Watanzania wote wanakijua: wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakidai stahili zao mwaka baada ya mwaka, mahakamani na mitaani Dar es Salaam, hadi ikafikiwa hati ya makubaliano na Serikali mwaka 2005, na hata baada ya hapo malalamiko hayakwisha. Kuanzia 1977 hadi 2005 ni miaka 28. Kijana aliyekuwa fundi wa ndege ana miaka 30 wakati shirika linakufa, aliingia kwenye makubaliano hayo akiwa na miaka 58.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili kwa mfanyakazi wa kawaida. Rubani akikwama anaweza kwenda Doha au Dubai, dunia inamhitaji. Fundi wa chini, mpakia mizigo na karani wa tiketi hawana Dubai. Usuluhishi mbovu ukimchelewesha rubani, unamzeesha karani.

Sasa tutazame tulichonacho. Kisheria hatuko pabaya. Tangu mwaka 2007 tunayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004. Mgogoro ukipelekwa huko, msuluhishi ana siku 30 za kuutatua. Ukishindikana, na ukiwa wa maslahi, na wengi wakapiga kura ya kugoma, chama hutoa notisi ya saa 48. Mgomo ukiwa halali, mwajiri hawezi kumfukuza mgomaji wala kuajiri watu wa kushika nafasi yake, na chama nacho hakiwezi kumfungia mwajiri ndani ya ofisi yake. Chama chenye wanachama wengi kazini ndicho kinachozungumza kwa niaba ya wote, na mwajiri anatakiwa kujadiliana nacho kwa nia njema.

Waongoza ndege wao wamewekwa katika huduma muhimu, pamoja na maji, umeme, afya na zimamoto, kwa hiyo kwao njia ya mgomo imefungwa na mgogoro huishia kwa mwamuzi. Naona hilo ni sawa, mradi mwamuzi awe wa kweli. Marekani ilijaribu njia ya mabavu: Agosti 1981 waongoza ndege waligoma, Rais Ronald Reagan akawapa saa 48, kisha akawafukuza zaidi ya 11,000. Anga ya Marekani ilichukua miaka kujaza nafasi zao. Ukimnyima mtu mgomo huna budi umpe mwamuzi anayesikiliza kwa wakati, la sivyo umemfunga mdomo tu.

Kwa mashirika ya ndege yenyewe Wamarekani wana utaratibu mwingine ambao ningependa wanasheria wetu wautazame. Sheria yao ya kazi za reli ya mwaka 1926, iliyopanuliwa kuingiza ndege mwaka 1936, inasema mkataba wa hali bora hauishi muda. Ikifika tarehe yake unafunguliwa kwa marekebisho, lakini masharti ya zamani yanaendelea kushika hadi mapya yapatikane. Mwajiri hawezi kusimamisha mchango, na chama hakiwezi kugoma, mpaka bodi ya usuluhishi ya taifa itamke kwamba imeshindwa, na hata hapo kuna siku 30 za kupoza moyo. Una ubaya wake: mazungumzo huweza kuburuzwa miaka miwili mitatu, na mwajiri mjanja anafaidi mishahara ya zamani muda wote huo. Kwa nchi yenye mfumuko wa bei hilo lingekuwa mzigo mzito. Lakini kile kipengele cha kwamba masharti ya zamani hayaguswi wakati mnazungumza, kingekuwepo Nairobi mwaka 2020, pasingekuwa na deni la kugombea mwaka 2022.

Siku 30 za Tume yetu hazitatusaidia, hata hivyo, kama atakayefika mbele ya msuluhishi ni ofisa wa utumishi mwenye barua ya utambulisho tu. Na kwa Air Tanzania hilo ndilo linalowezekana zaidi. Shirika hili limepita mikono mingi. Mwaka 2002 asilimia 49 iliuzwa kwa South African Airways kwa dola milioni 20, na mwaka 2006 ndoa ikavunjika. Kuanzia 2016 Serikali ikaanza kununua ndege mpya kwa fedha taslimu za umma, lakini ndege hizo ni mali ya Wakala wa Ndege za Serikali, na ATCL huzikodi. Kwa mwaka wa fedha 2023/24 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliripoti hasara ya Sh. bilioni 91.8, kutoka bilioni 56.6 za mwaka uliotangulia, na miongoni mwa sababu ni ndege za Airbus kulala chini kwa matatizo ya injini. Mishahara katika mashirika ya umma haipangwi na shirika peke yake; inapita Utumishi na Hazina. Kwa hiyo ndege si zake, injini hana uwezo juu yake, na mshahara hana kauli ya mwisho. Meneja wa namna hiyo utapatana naye nini? Atakusikiliza kwa adabu, atatoka nje, atapiga simu.

Pendekezo langu ni dogo na halina gharama. Mazungumzo ya mkataba wa hali bora katika shirika lolote la ndege linaloendeshwa kwa fedha za umma yafanyike Hazina ikiwa na mtu wake mezani, mwenye kiwango kilichoandikwa cha kukubali, tangu siku ya kwanza. Hesabu za shirika, pamoja na kodi ya ndege na gharama za injini, ziwekwe mbele ya msuluhishi na chama. Na msuluhishi ateuliwe siku mkataba unapotiwa saini, wakati watu bado wanacheka pamoja, wasingoje wiki ya notisi ndipo wagombanie hata jina lake.

Rafiki yangu mmoja, mhasibu wa Mbeya, aliyasoma haya kabla hayajafika kwa mhariri akaniambia nimewapa wafanyakazi ufunguo wa sanduku la Taifa. Hazina ikishaonekana mezani, alisema, kila chama kitadai kama vile fedha hazina mwisho, na wanasiasa watagawa kabla ya uchaguzi. Hofu yake si ya kupuuza. Lakini ningemwuliza, hivi sasa fedha hizo zinatoka wapi? Hasara ya bilioni 91.8 hailipwi na malaika. Hazina ipo tayari ndani ya chumba, ila imekaa nyuma ya pazia, na anayekaa nyuma ya pazia hawezi kuonyesha mfuko wake kuwa mtupu hata ukiwa mtupu kweli. Kenya Airways yenyewe, ilipopata faida ya Sh. bilioni 5.4 mwaka 2024 baada ya miaka zaidi ya kumi ya hasara, kila mfanyakazi aliiona kwenye hesabu zilizochapishwa. Na ilipoteleza tena kwenye hasara nusu ya kwanza ya 2025 waliiona pia. Mtu aliyeona hesabu huomba kidogo kuliko aliyefichwa. Hiyo ni imani yangu, na nimeiona ikithibitika kwenye biashara ndogo ndogo mara nyingi kuliko kwenye mashirika.

Nirudi Ngonga, nimalize daftari langu. Yule kijana alirejea kama saa 10 alasiri kwenye gari dogo, na bosi wake kiti cha mbele. Bosi akashuka, akamwamkia mama, akauchota mchele, akaunusa kama alivyofanya kijana. Walivutana kwa muda usiozidi kunywa kikombe cha chai. Mama alishuka kidogo, bosi akapanda zaidi kidogo, magunia yakapakiwa na fedha zikahesabiwa pale pale. Kijana alikuwa anashika kamba. Ndege za Nairobi saa hiyo zilikuwa bado chini.